Malori Kwenye Kioo cha Festo

Siku ya tatu baada ya mazishi ya mama yake, Tumaini aliniita uani akanikabidhi kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge kilichopauka. Sikuhitaji kukifungua. Aliyetengeneza kitu kwa mikono yake hasahau uzito wake, na huu ulikuwa uzito wa kioo cha inchi saba, ubao wa paini, betri tatu za laptop na pedi ya gemu iliyokatwa katikati kwa msumeno wa chuma. "Mama alikuwa anakiweka chini ya kitanda chake," Tumaini akasema. "Alisema ukija upewe. Nikamwambia, Mama, Amba haji tena hapa. Akasema atakuja nikifa." Na kweli nilikuja alipokufa. Kutoka Mbeya hadi Ipogolo si mbali kwa mtu mwenye gari, na nimeipita barabara ile mara nyingi nikienda Dar kufuata spea. Nilikuwa nasimama Ilula kununua nyanya kwa akina mama nisiowajua hata majina, nikipiga nao soga robo saa nzima, lakini kwa mama aliyenilisha mwaka mzima nilipita kama mtu anayekimbizwa. Nilijiambia nina haraka. Mtu akijidanganya miaka kumi na sita, anakuwa hodari.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili niliposhuka Ipogolo kwa mara ya kwanza, na begi moja na barua ya kupokelewa kazini kwa Mzee Hassanali, fundi wa redio na televisheni aliyekuwa na duka mjini juu, karibu na soko. Ya nyumbani kwetu Mbeya hayana nafasi hapa. Nilipanga chumba kwa Mama Festo, mjane mrefu mwenye sauti ya chini, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyotazamana na yadi ya malori ng'ambo ya njia. Ilikuwa na sebule moja, jiko nje, na vyumba vitatu vilivyotenganishwa kwa kuta ambazo hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila neno lililosemwa chumba kimoja lilipanda, likapita juu ya ukuta, likashuka kwa jirani. Changu kilipakana na cha Festo, mtoto mkubwa wa nyumba ile. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na televisheni ya chogo, nzito, iliyofunikwa kitambaa chake nayo. Pembeni yake ilikaa mashine ya gemu ya Festo, ya mtumba, aliyoinunua kwa jasho lake mwenyewe na ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila kunawa mikono.

Jioni ya kwanza nilikula mezani kwao. Ilikuwa ugali, mboga ya maboga iliyoungwa karanga, na maharage, na baridi ya Januari ya mvua ilikuwa inapenya chini ya mlango. Mama Festo alipotaka kuniongeza nikaziba sahani kwa mkono nikasema, "Nimeshiba, mama, asante." Akausogeza mkono wangu kama anayefukuza nzi, akaniwekea tonge jingine kubwa. "Wewe Mnyakyusa, sikiliza nikufundishe. Hapa kwangu mtu akisema ameshiba mara ya kwanza, anatusalimia tu. Mara ya pili anatuheshimu. Akisema mara ya tatu ndiyo tunamwacha." Tumaini, aliyekuwa na miaka kama kumi na mitano, akacheka mpaka akapaliwa. Festo akasema, "Huyu akisema mara ya tatu usimwamini, mwangalie tumbo." Mwaka mzima sikusahau somo lile. Nililishika vizuri mno, na ndilo lililoniponza.

Festo alikuwa utingo pale pale yadini. Kazi yake kubwa, mbali na kufunga turubai na kupakia, ilikuwa kuwaongoza madereva wanaporudi rivasi, maana yadi ilikuwa finyu na malori marefu. Nilikuwa nikirudi kazini namkuta anatembea kinyumenyume nyuma ya lori, mikono yote miwili juu, viganja vikivuta hewa kuelekea kifuani, akiimba, "Njoo, njoo, njoo, kata kulia, njoo." Alikuwa na madaha kidogo, na akijua anaangaliwa yaliongezeka. Kwenye gemu ya mpira alikuwa vilevile. Tulicheza sebuleni baada ya kula, mimi nikifungwa kila siku, na yeye akiwaita wachezaji wake kama malori: "Njoo, njoo, njoo... goli! Amba, hivi kwenu Mbeya hamna mpira?" Sikuwahi kumfunga. Nasema hivi kwa sababu kuna wakati baadaye ningeweza kumfunga, na sikutaka.

Mwezi wa tano, alasiri moja, lori lililobeba mbao lilirudi rivasi yadini na Festo akiwa nyuma yake. Walisema dereva aliendelea kusikia "njoo" wakati Festo alikuwa ameshasema "hapo", yaani simama. Wengine walisema Festo aliteleza kwenye tope. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa ghala. Mimi nilikuwa mjini juu, nalehemu redio ya mtu, nikipiga mluzi. Nilipofika nyumbani nilikuta mlango wazi, hakuna mtu, na sufuria ya maharage imeungulia jikoni hadi chini imekuwa nyeusi. Niliipua sufuria, nikakaa kwenye kigoda nikiishika, sijui nimpelekee nani.

Alilala hospitali ya Tosamaganga wiki nyingi. Nilikwenda kila Jumapili na Tumaini, tumebeba uji kwenye chupa ya chai. Waliomtibu walimwambia mama yake ukweli, kwa upole na bila kuzungusha, kwamba kuanzia kifuani kwenda chini hakutarudi kitu. Mwezi wa saba mwishoni akaletwa nyumbani juu ya godoro, nyuma ya pikapu. Mikono yake ilifanya kazi, ingawa vidole vilichoka upesi. Ila alitakiwa kulala chali, shingo imenyooka katikati ya mito miwili iliyojazwa mchanga, na kugeuzwa kila baada ya saa chache. Chumba chake kilikuwa chembamba kama changu, na dirisha lake lilitazama uani kwenye kamba za nguo. Kutoka alipolala aliona bati, boriti mbili, na buibui mmoja aliyekataza asiguswe.

Kuta zile zilinieleza mengi ambayo sikuomba. Nilimsikia Mama Festo akizungumza na dada yake aliyetoka Kilolo kumwona mgonjwa. "Haongei," alisema. "Anakula, anasema asante, anafumba macho. Bora angetukana." Dada yake akamwambia amwachie Mungu. "Nimemwachia," akajibu Mama Festo, "lakini huyu mtoto namgeuza mimi." Siku nyingine nilimsikia Festo mwenyewe akimwambia Tumaini, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeomba maji, kwamba anatamani lori lingeendelea kidogo. Baadaye nilimkuta Tumaini jikoni anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Hapo ndipo nilipoamua nitengeneze kitu. Sijui kufariji kwa maneno. Watu wengine wana maneno, mimi nina bisibisi.

Kitu chenyewe kilitoka mahali pabaya. Baada ya Festo kuumia, tajiri mwenye yadi aliingiwa na woga au na huruma, sijui kipi, akaagiza kwa Mzee Hassanali kamera za nyuma za kufunga kwenye malori yake yote. Zilikuja kwenye maboksi: kamera ndogo ya kufungwa nyuma, kikopo cha kurusha picha tulichokiita transmita, na kioo cha inchi saba cha kuwekwa mbele ya dereva, kinachopokea picha bila waya. Dereva akiingiza gia ya rivasi, kamera inawaka, naye anaona nyuma yake. Nilizifunga mimi, lori baada ya lori, nikiwa nimelala chini ya tela kwenye tope lile lile. Boksi moja kamera yake ilifika imekufa. Mzee Hassanali, mwanamume mnyamavu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alisukuma boksi lile kwangu juu ya meza bila kuinua macho. "Kioo kizima. Transmita nzima. Kijana, rafiki yako anaona nini pale anapolala?" Nikamwambia anaona bati. "Basi," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Nilikitengeneza kwa wiki tatu, baada ya saa za kazi, mwanga wa jua la jioni ukiingia dukani kwa mshazari na mke wa Mzee Hassanali akituletea chapati na chai ya tangawizi. Transmita niliiunga nyuma ya mashine ya gemu, kwenye waya wa njano wa picha, ili picha iliyokuwa inakwenda kwenye televisheni ya chogo iruke pia hewani. Pedi isiyo na waya niliipata kwa muuza mitumba. Niliikata katikati, vitufe vya mkono wa kushoto upande wake na vya mkono wa kulia upande wake, nikaunga nyaya ishirini na moja, nyembamba kama nywele, kati ya nusu mbili, na mara ya kwanza nikakosea mbili, mchezaji akawa anapiga shuti kila unapotaka atembee. Katikati nikaweka kile kioo. Nyuma nikaunga betri tatu za laptop kwa mfululizo. Vyote nikavitia kwenye ubao wa paini niliouchonga na kuusugua kwa msasa hadi ukawa laini, maana ngozi yake ilikuwa imeanza kuchubuka kwa kila kitu. Uzito ulikuwa tatizo. Mtu aliyelala chali hawezi kushika kitu juu ya uso wake, mikono inakufa ganzi. Nikachana mpira wa ndani wa tairi la baiskeli vipande viwili, nikakining'iniza kutoka kwenye boriti, kikaelea juu ya uso wake kiasi kwamba angeweza kukivuta kwa kidole kimoja na kukiachia. Nisijisifu sana, lakini hata leo, na duka langu Mwanjelwa kule Mbeya na vijana wanaoniita mwalimu, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Siku niliyokiwasha, nyumba nzima ilisimama mlangoni. Sauti haikuweza kuruka, picha tu ndiyo iliruka, kwa hiyo sauti ya uwanja ilitoka kwenye televisheni sebuleni na kupita juu ya ukuta. Festo alikiangalia kioo muda mrefu bila kugusa. Kisha kidole gumba kikasogea. Alifungwa matatu na kompyuta, kisha akarudisha moja, na tukamsikia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, akinong'ona, "Njoo, njoo, njoo." Mama Festo alitoka nje. Nilimkuta uani ameshika kamba ya nguo kwa mikono miwili, mgongo umenigeukia. "Kamwene, baba," akasema bila kugeuka, salamu tu ya Kihehe, saa ile ya jioni ambapo tulikwisha kusalimiana tangu asubuhi. Nikamjibu, "Kamwene, mama." Sijawahi kupewa shukrani kubwa kuliko ile.

Baada ya siku tatu hivi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake tukila viazi vya kuchemsha, yeye akicheza, picha ikatetemeka, uwanja ukachanika vipande, na badala yake ikaja changarawe. Changarawe, ukuta wa ghala, na mwanamume mwenye kofia ya sufu akitembea kinyumenyume, viganja vinamvuta mtazamaji: njoo, njoo. Ilidumu kama nusu dakika. Mtu yule akajitupa pembeni, picha ikazimika, uwanja ukarudi, na Festo alikuwa ameshafungwa. Nilijua mara moja. Maboksi yale yote yalitoka kiwandani yamewekwa chaneli moja, na yadi ilikuwa ng'ambo ya njia. Kila lori lililorudi rivasi lilimrushia Festo picha ya kilichokuwa nyuma yake. Damu ilinipanda usoni kwa aibu. Nimemletea mtu lori lililomvunja, nikamning'inizia juu ya uso. "Nisamehe," nikamwambia. "Nitayaondoa haya malori. Ni chaneli tu."

"Yaache tu, Amba," akasema. "Hayana shida."

"Hayana shida vipi, na umefungwa goli?"

"Yaache. Goli nitarudisha."

Mara mbili. Ya kwanza alinisalimia, ya pili aliniheshimu. Hivyo ndivyo nilivyohesabu, mimi mwanafunzi mzuri wa meza ya mama yake. Nani angekubali kumwambia mtu aliyehangaika wiki tatu kwamba zawadi yake ina kasoro? Na Mzee Hassanali alikuwa na sheria yake: kila kifaa kilichotengenezwa lazima kikae juu ya rafu siku nzima kinafanya kazi, na kikikwaruza hata mara moja kinafunguliwa upya. "Mteja atakwambia haina shida," alikuwa akisema. "Mteja ana adabu. Wewe ndiye unayejua kama ina shida." Nilikuwa na walimu wawili, wote wema, na wote walinisukuma upande mmoja.

Hata hivyo nisiwasingizie. Ningeweza kuuliza. Badala ya kuuliza nilisikiliza ukuta, nikauelewa nilivyotaka. Jioni, nikiwa nimejilaza, nilimsikia Festo akifoka, "Toka! Toka hapo wewe!" nikajua anayalaani malori yaliyomwingilia. Kisha kimya, kisha yeye na Tumaini: "Katoka?" "Katoka." Hilo neno walilisema mara nyingi, wakati mwingine kwa kicheko kidogo, nikadhani ni kipa katoka golini. Nilifurahi kwamba anamfundisha mdogo wake gemu. Ndivyo nilivyofikiri. Mtu hulala karibu na mwenzake akitenganishwa na unene wa tofali moja, na bado haoni kitu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, walipokuwa wanamwogesha, nilikishusha kile kifaa, nikachomoa na transmita kule sebuleni, nikapanda navyo mjini. Ndani ya transmita na ndani ya kioo kulikuwa na viswichi vidogo kama punje ya mchele. Nilivisogeza vyote kwenye chaneli nyingine, nikaweka na bati jembamba la kuzuia mawimbi, kwa uhakika. Nilikiacha juu ya rafu siku nzima kama sheria ilivyotaka. Mzee Hassanali alikitazama, akashusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine, akasema, "Safi. Sasa ndiyo kazi." Nilishuka Ipogolo nimekikumbatia, nadhani hata nilikuwa napiga mluzi.

Festo alicheza dakika kumi, ishirini. Ng'ambo ya njia nikasikia lori linarudi rivasi, na sauti ya utingo. Kioo kilibaki kijani, uwanja tu, wachezaji tu, safi kama maji ya chupa. Nikamwangalia nikisubiri sifa. Yeye alikuwa ameacha kubonyeza. Alikuwa anatazama kioo kwa namna ya mtu aliyeingia chumbani akakuta kitanda kimehamishwa.

"Malori yameenda wapi?" akauliza.

"Nimeyatoa. Hayatakusumbua tena."

Nilisikia dereva akizima injini. "Ahaa," akasema. Kisha, kwa sababu alilelewa vizuri, "Asante, Amba. Umefanya kazi."

Baada ya hapo alicheza kidogo kidogo, na mara nyingi nilimkuta kioo kimewaka na mchezaji wake amesimama katikati ya uwanja, anangoja. Nilidhani ni homa. Na homa ilikuwepo, maana vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeingia ndani. Tulicheza wote wakati mwingine, mimi sebuleni na yeye kule, na ndipo ningeweza kumfunga nikakataa, nikawa napiga pembeni makusudi. Akaita juu ya ukuta, "Amba, usinionee huruma kwenye mpira." Jambo jingine lilinikera. Tumaini, ambaye zamani alikaa naye, sasa alikuwa kutwa yuko kwenye dirisha la sebule, kidevu juu ya nondo, anatazama yadi. Nilimkemea, tena kwa ukali. "Kaka yako anaumwa, wewe unakodolea malori? Nenda ukakae naye." Alinitazama, macho yakajaa, akainamisha kichwa. Alikuwa na heshima, yule mtoto. Akabaki pale pale dirishani.

Festo alikufa mwezi wa kumi na moja, mchana, mvua ya kwanza ikigonga lile bati alilolitazama. Nilikuwa kazini. Siku zote nilikuwa kazini. Madereva na utingo wote wa yadi walimbeba, na mimi nilishika jeneza upande wa miguu. Mwezi wa kumi na mbili nilifunga begi langu nikarudi Mbeya. Mama Festo alinipa gunia dogo la viazi, na nikamwambia nitakuja kumwona.

Yote hayo yalipita kichwani nikiwa nimesimama uani na kitenge kile mikononi. Tumaini sasa ni mama wa watoto wawili, mwalimu, amenenepa kidogo na amerithi sauti ya chini ya mama yake. Alileta viti viwili na chai. Nikaongea ovyo kama wafanyavyo watu msibani. Nikamwambia nakumbuka yale malori yalivyomsumbua marehemu kwenye kioo, na kwamba angalau hilo nilimwondolea.

Tumaini akaweka kikombe chini. "Kaka Amba," akasema, "hayakumsumbua. Alikuwa anawaangalia utingo."

Nikasema sijaelewa.

"Lori likianza kurudi, picha ikaja, anaacha gemu. Anamwangalia yule aliye nyuma. Hata pumzi haivuti. Akiona kakaa karibu na ukuta anafoka, toka, toka hapo wewe, kama vile anamsikia. Mpaka mtu atoke pembeni, apotee kwenye picha. Ndiyo anasema, katoka. Anapumua. Mimi namuuliza, katoka? Ananijibu, katoka. Ndiyo anarudi kwenye mpira wake. Alisema sasa hivi yeye ndiye utingo wa yadi nzima. Alisema hakuna atakayebanwa tena yeye akiwa macho."

Kuku alipita katikati yetu. Nilimtazama yule kuku kwa makini sana.

"Na ulipoyatoa," akaendelea, bila ukali wowote, "akaniomba nikae dirishani. Nilikuwa naona lori linarudi, nasubiri, mtu akitoka pembeni napaza sauti, katoka. Wewe ukiwepo nilikuwa nasema polepole. Ile siku aliyokufa nilisema, lakini sijui kama alisikia. Mvua ilikuwa kubwa."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikwambia. Mama alimwuliza hivyo hivyo. Akasema, nimemwambia mara mbili, ya tatu itakuwa kumwomba, na Amba amefurahi mno."

"Mama alijua?"

"Wote tulijua, kaka. Isipokuwa wewe."

Sikulia pale. Nilimwambia nina safari ndefu na lazima nifike Mbeya kabla ya giza, na hilo lilikuwa kweli, na pia nilikuwa nakimbia kama kawaida yangu. Yadi haipo siku hizi, pamejengwa maduka, na njia imekuwa nyembamba, mtaro upande mmoja na ukuta upande mwingine. Niliweka kile kifaa kwenye kiti cha pembeni yangu, nikawasha gari nitoke kwa rivasi. Fundi wa kamera za watu, gari langu halina kamera. Nilikuwa na kioo cha juu ya kichwa tu cha kutazamia nyuma. Tumaini hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, akainua mikono yake miwili, viganja vikavuta hewa kuelekea kifuani, na sauti yake ikanijia kupitia dirisha lililo wazi: "Njoo, kaka. Njoo. Kata kulia kidogo. Njoo."

Sikuweza. Mguu ulikuwa juu ya breki na haukutaka kuondoka. Alikuwa amesimama kati ya gari langu na ukuta, anarudi kinyumenyume, ananiita.

"Njoo basi! Nafasi ipo!"

"Toka hapo," nikasema. "Tumaini, toka hapo kwanza."

"Sasa nikitoka nani atakuongoza?"

"Nakuomba. Toka."

Alishusha mikono. Alinitazama kupitia kioo changu cha juu, kisha nadhani akaelewa, kwa sababu hakubisha tena. Akasogea hatua moja, mbili, akapita pembeni ya ukuta, na kioo kikabaki na njia tupu.

"Katoka," nikasema, kwa sauti, kuelekea kwenye kiti cha pembeni, na ndipo nikaachia breki.